Sanda ya Babu na Ngiri Yangu

Jumatatu, 10 Julai
Nimetoka kwa Daktari Volahanta, Antsirabe. Ngiri, kinena cha kulia. Alinipinda kidole gumba mpaka kikalala juu ya mkono, akavuta ngozi ya kiwiko, akatikisa kichwa. Akasema nyuzi zinazoshikilia nyama za mwili wangu ni legelege tangu kuzaliwa, pengine ni za ukoo. Nipasuliwe, na nisinyanyue hata gunia la mchele. Nimefurahi sana. Kumbe si uvivu, ni urithi!

Jumanne, 11 Julai
Balaa. Jumamosi, kwa mila yetu ya kuwaenzi wafu, tunamtoa Babu kaburini kumvisha sanda mpya, na jiwe la mlango hushikwa mbele na kifungua mimba wa kiume. Ndiye mimi. Nikikataa atashika shemeji Solofo, aliyemwoa dada yangu juzi tu na tayari anakohoa kama mwenye nyumba. Nimempinda kidole gumba, nikitumaini naye ni legelege. Hakikupinda. Akaniuliza, "Shemeji, siku hizi umekuwa mganga?"

Alhamisi, 13 Julai
Dawa imepatikana: kujifunga tumbo. Mikanda yangu haifai. Kikapuni kwa Mama iko sanda mpya ya Babu, hariri tupu, ndefu, imara. Ni mwiko aliye hai kuivaa. Lakini Mama anasema Babu naye alikuwa na ngiri. Ataelewa.

Jumamosi, 15 Julai
Nimenyanyua! Jiwe limesogea, watu wameshangilia, Solofo amenuna. Kisha Babu akatolewa, Mama akafungua kikapu. Sanda hakuna. Nikajifanya natafuta na wenzangu. Nilipoinama shati likachomoka, hariri ikaning'inia. Wapiga tarumbeta wa sherehe wakakatiza wimbo. Mama akasema polepole, "Mwanangu, babu yako umemvua nguo?" Wakanifungua palepale. Ngiri ikatoka, ikagoma kurudi. Maumivu hayaelezeki, niliogopa kufa. Aliyenibeba mgongoni hadi barabarani ni Solofo.

Jumatano, 19 Julai
Nimepasuliwa. Daktari ameshona wavu wa kuzuia ngiri kinena cha kulia, akaonya kwamba kushoto nyuzi ni zilezile. Mama ameleta wali na nyama ya nguruwe yenye mafuta, lakini hajaniangalia usoni. Solofo amekuja pia, mpole mno. Nimetafakari sana. Yeye ana nyuzi za kuzaliwa nazo tu. Mimi nina nyuzi na wavu juu yake. Nimemwambia nikitoka hapa tushindane kunyanyua kinu cha Mama. Uzito wote nitauweka kulia.