Gundi, Kibano na Kidole Changu

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katangaza: Jumamosi mimi na shemeji tutaunganisha mbao mbele yake. Mshindi ndiye fundi mkuu wa karakana. Shemeji! Kaka wa mke wangu, niliyemfundisha mwenyewe kushika randa. Nikaanza mazoezi papo hapo, macho kwake badala ya kwenye patasi. Ikateleza, ikazama kwenye kidole gumba. Damu! Shemeji kanipa pole huku akitabasamu. Nimeliona tabasamu hilo.

Jumanne, 4 Machi
Muuguzi wa zahanati kasema nina bahati. Patasi imepasua ngozi na tishu iliyo chini yake, haikufika kwenye msuli wala neva. Wekundu, joto na uvimbe kidogo ni dalili kwamba mwili umeshaita mafundi wake. Ngozi itaota kutoka kingoni mpaka ikutane katikati. Nikauliza lini. Akasema nisiharakishe, nisichokonoe. Mafundi wasio na tarehe ya kumaliza! Nawajua. Mimi ni mmoja wao.

Jumatano, 5 Machi
Akili imenijia. Ufa ni ufa. Nimeujaza gundi ya mbao, nikakaza kidole kwa kibano cha kuungia mbao mpaka ikakauka. Hakuna mwanya! Mke wangu kauliza mbona nakula na kibano kinaning'inia kidoleni. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema atamwita kaka yake. Matusi hayo.

Ijumaa, 7 Machi
Kidole kimekuwa nyanya iliyoiva. Kinadunda. Usaha. Muuguzi kaibandua gundi nami nikalia, tena kwa sauti. Akasema mbao imekufa, ndiyo maana inakubali kubanwa. Nyama iko hai. Ukiibana unazuia damu, na damu ndiyo inayoleta wajenzi. Aliyenishika mkono muda wote ni shemeji. Aibu gani hii!

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji ni fundi mkuu. Kiungo chake hata unywele haupiti. Nimempigia makofi kwa mkono mmoja, juu ya paja. Roho inaniuma kuliko kidole.

Jumapili, 30 Machi
Jeraha limefunga lenyewe, bila msaada wangu. Limebaki kovu lenye kinundu. Muuguzi kasema tishu ya kovu ni ngumu, haifanani na ngozi ya zamani, ila italainika taratibu. Nikaitikia kwa adabu.
Taratibu! Karakana nzima imejaa msasa. Kesho naanza na ule mkali, namalizia na laini, kisha vanishi kidogo. Shemeji asijue.