Paa Moja na Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Februari 2026

Pasiansi, mtaani kwetu. Joto. Habari mbaya imekuja pamoja na chakula cha jioni. Mke wangu Odeta anasema mama yake anahamia kwetu. Goti limemshinda, na kitinda mimba aliyekuwa akiishi naye kule Sengerema ameolewa. Atalala chumba kidogo. Chumba kidogo! Yaani chumba changu cha mpira, chenye televisheni yangu na kiti changu, ambacho hata mwanetu Ngosha, mwenye miaka ishirini na sita na digrii ya kukaa sebuleni, hathubutu kukikalia.

Zamani kati yetu na Sengerema kulikuwa na kivuko cha Busisi. Foleni ile imelinda ndoa nyingi. Siku hizi kuna daraja, na mkwe anafika kabla chai haijapoa.

Nikafikiri haraka. Nikasema kwa upole, kama mtu anayeumia, kwamba kwa mila zetu Wasukuma mtu na mama mkwe wake hawalali paa moja. Ni aibu. Basi Mama apewe kile chumba cha uani, karibu na kuku. Odeta akasema atamuuliza mwenyewe. Nina akili sana.

Jumatano, 4 Februari

Mama amefika. Nilimwamkia kwa mbali, macho chini, nikaitikiwa marahaba ya nguvu. Odeta akamweleza habari ya mila. Mama karibu alie kwa furaha. Akasema wakwe wenye adabu kama mimi wamekwisha. Paa moja? Hapana, haifai kabisa!

Ila goti lake haliwezi ngazi za uani. Kwa hiyo nimetoka mimi.

Naandika haya nikiwa uani. Ngosha alinibebea godoro akipiga mluzi. Odeta atalala na mama yake ili amsaidie kuamka. Jogoo yuko nyuma ya ukuta wangu, na ana maoni mengi.

Ijumaa, 6 Februari

Mpango mpya: kumtia Mama hamu ya kwao. Nimenunua michembe sokoni, nikaagiza ipikwe na karanga. Mtu akila viazi vikavu vya nyumbani atakumbuka nyumbani, atalia, atafunga virago. Papo hapo nikampigia shemeji Shigela, kaka yake Odeta, nikamwambia Mama ana upweke mno huku. Aje amchukue Jumanne.

Michembe ikaiva. Kula pamoja hairuhusiwi, basi Mama alikaa ndani ya mlango wa jikoni, mimi nje, tumepeana migongo. Akanisimulia kwamba marehemu mumewe naye alikula hivihivi kwa mama mkwe wake. Alipenda umbea, akawa anasogeza kigoda nyuma kidogo kidogo ili asikie vizuri, mpaka wakagongana visogo. Nilicheka hadi karanga ikapita njia isiyo yake.

Nimejikasirikia sana. Adui hachekewi.

Jumapili, 8 Februari

Jioni naweka redio kwenye ngazi, na Mama anasogeza kiti mlangoni. Anapenda matangazo ya vifo. Kila marehemu anamjua, au anamjua shangazi yake. Wa Misungwi wa leo aliwahi kumposa!

Redio ilipozimwa akaniuliza kama nimemeza dawa ya presha. Sikuwa nimemeza. Tangu mama yangu afariki hakuna aliyeniuliza kwa sauti ile. Nikameza. Kisha nikaingia chumbani kwangu nikalia kidogo. Nampenda huyu mama. Basi, nimeandika.

Halafu nikakumbuka. Shigela! Jumanne! Nimempigia, hapatikani.

Jumanne, 10 Februari

Shigela amefika asubuhi na gari la kuazima. Mama alikuwa ameshafunga mizigo. Kasema hawezi kukaa mahali ambapo baba mwenye nyumba analala na kuku kwa ajili yake.

Nilifanya nililoweza. Nikaficha kiatu chake kimoja bandani. Tukakitafuta wote, mimi kwa bidii kuliko wote. Ngosha ndiye aliyekiona. Kuku alikuwa ametagia ndani yake.

Wote wakanigeukia. Hapo mila ikanitoka kichwani. Nikamtazama Mama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, nikamwomba asiende. Nikamwambia nikisikiliza vifo peke yangu sitajua nani ni nani. Yote hayo mbele ya shemeji.

Mama akatoa yai, akakung'uta kiatu. Akasema atabaki. Na mimi nirudi ndani, kwa kuwa mila yenyewe ina njia ya kutokea: mkwe akitoa mbuzi, aibu imekwisha, paa linakuwa moja. Odeta akafuta machozi. Shigela akaomba chai, na lile yai akaangiwe.

Jumatano, 11 Februari

Nimelala ndani. Kitanda changu, mke wangu, jogoo kwa mbali. Raha!

Asubuhi nikawaza: mbuzi mzima? Wazo likaja lenyewe. Wakati wa chai nikaeleza kwa upole, kama mtu anayeumia, kwamba kwa mila zetu mbuzi wa namna hiyo hutolewa na shemeji.

Mama akaweka kikombe chini. Akasema kumbe nazijua mila kuliko wazee. Akampigia Shigela. Shigela kakubali bila ubishi, ila mbuzi wake ana mimba, tusubiri mpaka baada ya mavuno.

Na mpaka mbuzi afike, kasema Mama, mila ni mila.

Ngosha anapiga mluzi. Godoro langu linapita mlangoni. Mama ameshasogeza kiti chake jikoni na anauliza redio iko wapi.

Lakini mbuzi sijanunua. Nina akili sana.