Siku Pilipili Alipokataa Kuuma

Jamani, leo aibu imenivaa kuanzia kofia hadi buti. Naandika nikiwa nyuma ya banda la mbwa, kwa sababu huko mbele wenzangu bado wanacheka.

Kwa msiojua, mimi ni mtunza mbwa wa kampuni ndogo ya ulinzi hapa Bwera. Tuna mbwa wawili. Kuna Bibi, jike mzee mpole, na mwanawe Pilipili, ambaye hata mimi ninayemlisha ameshaniuma (kovu lenyewe siwezi kulionyesha hadharani).

Juzi Bibi alivunjika mguu. Tukampeleka Kasese, daktari wa mifugo akamfanyia upasuaji, kisha akamnyoa mgongoni na kumbandika plasta. Si plasta ya kidonda. Hii inapitisha dawa kali ya maumivu kwenye ngozi, polepole, kwa siku kadhaa. Dawa yenyewe ni ya ukoo wa kasumba. Akaizungushia bendeji, akaniambia, "Bwambale, alale peke yake. Ikibanduka usiiguse kwa mkono mtupu. Nipigie."

Nikasema ndiyo, daktari. (Kwa kusema ndiyo, mimi sina mpinzani.)

Jana mvua ikaingia kwenye banda la Pilipili. Nikamwonea huruma, nikamlaza kwa mama yake. Asubuhi nikakuta bendeji ya Bibi imeteremka kiunoni. Nikaipandisha, nikaikaza. Chini yake sikuangalia. Nilikuwa na buti za kupiga kiwi! Maana leo ilikuwa siku kubwa: Mama Kavira, mfanyabiashara wa kakao kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, anatafuta walinzi wa ghala lake la hapa Bwera, na mkubwa wetu, Afande Opio, alikuwa amemwahidi maonyesho.

Pilipili aliamka mtulivu. Hakubweka, hakugusa chakula. Nikafikiri nidhamu imeanza kumwingia.

Pale ghalani watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya ukuta. "Huyu hacheki na mtu," nikamwambia Mama Kavira. Mwenzangu Okello, ndani ya lile koti nene la kuumwa, akasimama katikati ya uwanja akijifanya mwizi. Alikuwa amefumba macho, anasali.

"Kamata!"

Pilipili akaenda. Sijasema alikimbia. Alienda kama mtu anayetoka harusini, ameshiba. Akamfikia Okello, akamwegemea mguuni, akalala.

Okello akafumbua jicho moja. "Afande, ameshaniuma?"

"Bwambale!" Afande akafoka. "Amusha mbwa! Haraka!"

Nikaita. Nikapiga makofi. Nikapuliza filimbi. Wapi! Hapo ndipo akili iliponiruka. Nikapiga magoti, nikaweka mikono chini, nikabweka. Nikabweka kwa nguvu zote, kisha (Mungu anisamehe) nikamrukia Okello na kung'ata mkono wa koti, ili Pilipili aone inavyofanywa.

Okello akapiga yowe. Pilipili akanitazama kwa upendo.

Mama Kavira akamgeukia Afande. "Miye niko natafuta imbwa ya kuluma. Basi nichukue huyu ya mabuti?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mmoja alianguka kweli, kutoka ukutani.

Pilipili naye akageuka ubavu, nikaiona. Plasta ya Bibi, imeganda tumboni kwake, pale pasipo na manyoya. Ulimi ulikuwa unaning'inia, na pumzi zinakuja kwa kusitasita. Nikasahau aibu. Nikampigia daktari.

"Ibandue sasa hivi, vaa mfuko wa plastiki mkononi! Mleteni, na mama yake pia!"

Kumbe Bibi alikuwa amelala na maumivu yake bila dawa, na hakulia hata kidogo. Hilo ndilo lililonichoma kuliko kicheko chote.

Afande aliendesha gari mwenyewe hadi Kasese. Daktari akamdunga Pilipili sindano ya kuzima ile dawa. Pilipili akafumbua macho, akaona kidole cha daktari, akakiuma. Sote tukamshukuru Mungu, isipokuwa daktari. Bibi akapata plasta mpya, na mimi nikapata maonyo yaliyonistahili.

Mama Kavira amesema kazi tutapewa, ila kwa masharti: mbwa apumzike kwanza, na mimi nisimkaribie mteja yeyote.

Naomba msicheke. Na wewe uliyerekodi ukiwa ukutani, tafadhali futa. Mama mkwe wangu kule Munkunyu juzi amenunuliwa simu ya kuonea video.