Krimanchuli ya Harusi ya Maguli

Jumatatu, 16 Oktoba
Iandikwe rasmi, waisome hata wajukuu: leo asubuhi jogoo wa jirani yangu Polikarpe ameimba vizuri kuliko mimi. Shahidi yupo. Mke wangu Tsiala alikuwa akikamua, anasema hata ng'ombe aligeuza shingo kumsikiliza jogoo.

Jambo lenyewe si dogo. Jumapili binti yetu Maguli anaolewa. Kwenye meza ya uchumba nilimwambia Anania, baba wa bwana harusi, kwamba katika nyumba hii krimanchuli naiimba mimi. Nadhani iliyosema ni divai. Tangu ujana mimi ni sauti nzito, ile ya chini ambayo hakuna anayeijali mpaka inyamaze. Krimanchuli ni ile ya juu kabisa, isiyo na maneno, inayotoka kifuani, ikavunjika, ikarukia kichwani, ikarudi, i-a-u, i-a-u, kama mbuzi mwenye furaha. Kijijini anayeiweza ni Polikarpe peke yake. Na nguruwe wake alikula maboga yangu. Simwaliki.

Jumanne, 17 Oktoba
Uchunguzi umeanza. Sauti huvunjikia wapi hasa? Nimejishika koo mbele ya kioo, nikapanda polepole kutoka chini. Pale inapotakiwa kuvunjika, yangu inapinda tu, kama msumari mbovu.

Je, ni chakula? Nimechungulia uani kwake. Mkate wa mahindi, jibini, maharage. Sawasawa na kwangu. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu asiye na shida. Akasema hajui, yeye hufungua mdomo tu. Mchoyo.

Lakini nimegundua kitu. Huimba vizuri zaidi akiwa juu ya mti, akichuma zabibu. Mizabibu yetu sisi Waguria hutambaa mpaka vileleni mwa miti, na mchumaji huifuata huko huko na kikapu chake cha kamba. Labda ni urefu.

Alhamisi, 19 Oktoba
Nimepanda. Katikati ya mti: sauti nzito. Karibu na kilele: sauti nzito yenye upepo. Kisha tawi likakatika. Nikabaki nikining'inia kwa mikono miwili, na mdomoni mwangu ikatoka krimanchuli safi, ikavuka mto. Ng'ambo watu waliacha kuchuma, wakauliza ni nani huyo.

Polikarpe alikuja na ngazi yake. Akanishusha akisema, "Jirani, sauti ni nzuri, ila huo wimbo siujui." Tsiala akamjibu kuwa yeye anaujua, niliuimba siku nyoka alipoingia kwenye buti langu.

Kumbe siri ni woga. Nimejaribu tena juu ya kiti cha jikoni. Hapana. Juu ya paa la banda la kuku. Walioogopa ni kuku.

Ijumaa, 20 Oktoba
Mpango umekamilika. Meza itakuwa uani, chini ya roshani. Wimbo ukianza, nitasimama nje ya ukingo wa roshani, nimeshika kwa mkono mmoja.

Maguli amelia. Amesema, "Baba, wakwe watanicheka maisha yangu yote. Mwite tu mzee Polikarpe." Nimemwambia atulie, baba yake atakuwa na woga wa kutosha.

Jumatatu, 23 Oktoba
Jana sikuandika. Naandika sasa kilichotokea kweli, maana wengine wameshaanza kukitia chumvi, na chumvi kilikuwa nayo tayari.

Nilitazama chini kutoka roshani, miguu ikatetemeka. Vizuri sana. Lakini nikaona nijitie moyo kidogo. Pembe moja ya divai, ile pembe ya ng'ombe tunayonywea. Ya pili kwa heshima ya Anania. Nilipovuka ukingo sikuogopa kitu duniani.

Binamu zangu wawili wakaanza wimbo. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti nzito. Wakaanza upya. Nzito tena. Anania akatazama sahani yake. Maguli akainuka, akakusanya gauni lake la harusi mikononi, akaenda mpaka kwenye ua unaotutenga na jirani.

Polikarpe alikuwa juu ya mti wake. Anachuma zabibu siku ya harusi, maskini, ili asionekane hakualikwa. Maguli akamwita, "Mzee wangu, nisaidie." Hata hakushuka. Aliimba kutoka kule kule juu, sauti ikavunjika na kuruka ua, na chini yake, sijui niliwezaje, nilikuwepo mimi na sauti yangu nzito. Wageni wakasimama. Maguli alilia tena, lakini safari hii akicheka.

Polikarpe akaketishwa kwenye kiti changu. Mimi nilishindwa kurudi ndani ya roshani, ikaletwa ngazi. Yake tena. Anania akanikumbatia, akasema hajapata kusikia sauti nzito kama ile. Nilimshukuru kwa adabu.

Nimetafakari. Kosa lilikuwa divai. Na roshani iko chini mno. Mwezi ujao Anania anabatizisha mjukuu wake, na nimemwahidi krimanchuli. Leo nimepita kanisani kuangalia mnara wa kengele. Ngazi yake imeoza vizuri kabisa.