Shangazi Watano na Kazi Zangu Bora

Jumatatu, 3 Novemba
Siku ya pili ya fungate. Nawal amelala, nyusi kama zimechorwa. Mke wangu! Nina mke, sina kazi. Baba mkwe, Mzee Azzan, anataka programu ya simu ya kuwakumbusha wafanyakazi wa maduka yake shughuli za siku. Ataamua Jumamosi, fungate ikiisha. Atachukua inayosifiwa zaidi na watumiaji mtandaoni. Ninayo! Inaitwa Kazi Zangu Bora. Jina nimelichagua kwa akili: Jérémie wa mtaa wa Mutakura ana programu yake, Kazi Zangu. Wanaomtafuta yeye wataniangukia mimi.

Jumanne, 4 Novemba
Jérémie kapiga simu. Eti nimemwibia jina, na alama ya vema ya kijani pia. Nikamwambia kazi kila mtu ana zake. "Apana, ndugu, mi nilitangulia. Badilisha!" Sibadilishi. Ana sifa kumi na moja. Mimi tatu, mbili nimejiandikia. Bwana harusi hatoki ndani siku saba, Jérémie hawezi kunipata. Nawal kanilisha nanasi kwa mkono wake. Raha!

Alhamisi, 6 Novemba
Wazo kubwa! Shangazi watano wa Nawal hutuletea chakula kila siku. Leo, kabla hawajafunua sufuria, nimewaomba kila mmoja aweke programu yangu, atie nyota tano, aandike maneno matamu. Shangazi Kaltum kauliza kama nyota zinaliwa. Wakaanza kutafuta, wakipokezana miwani moja. Nilitaka kuhakikisha, lakini Nawal akatabasamu. Sikuona tena kitu.

Jumamosi, 8 Novemba
Mzee Azzan katusomea sifa kwa sauti. "Aliyeitengeneza ana adabu, na pilau anaimaliza." Tano, zote nyota tano. Zote kwa Jérémie! Waliandika Kazi Zangu, yake ikatokea juu, wakaona vema ya kijani, wakaridhika. Shangazi Kaltum kasema zimefanana kama mapacha, yeye angejuaje? Mzee kasema dada zake hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi. Wakikubaliana hivi, basi. Jérémie anaanza Jumatatu. Kanitumia ujumbe: anawashukuru shangazi, na jina niendelee nalo tu.

Jumapili, 9 Novemba
Nawal kanishika shavu. Atanipenda hata nikilima mpunga Buterere. Nimelia. Kisha nimebadilisha jina: sasa ni Kazi Zangu Halisi. Vema mbili za kijani. Shangazi nimewaalika saa sita.