Mlima Ufungwe kwa Matengenezo

Al Amerat, Maskati

Kwa Bwana Marwan,
Meneja wa Ofisi ya Safari,
Madinat Sultan Qaboos.

Mwanangu Marwan,

Baada ya salamu zinazokustahiki, na nyengine kidogo zisizokustahiki, nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu marehemu bibi yako alikuwa akinisuta kwa Kiswahili, na nataka haya yakufikie kwa lugha ile ile. Kiarabu changu ni cha salamu na misiba. Skuli nimesoma mpaka mwalimu alipochoka.

Nna malalamiko juu ya safari uliyotuuzia mimi na mke wangu, Bi Masouda, majira ya baridi yaliyopita: ule mji wa Austria wenye ziwa chini na milima juu, kuteleza kwenye theluji, kupanda mlima kwa miguu na, kama tangazo lako lilivyosema, kuonja vyakula vya wenyeji. Nayatia nambari ili usiseme mzee anapayuka.

1. Milima. Mimi nakaa Amerat. Nikifungua dirisha la mbele, mlima. Nikifungua la nyuma, mlima. Kwetu mtu akipanda mlima, ujue kapotelewa na mbuzi. Kule walitupandisha asubuhi nzima, tukafika juu, wakasema tazameni, tukatazama, wakatushusha. Nikauliza mbuzi mwenyewe yuko wapi, kiongozi akacheka. Sikuwa nafanya mzaha.

2. Kibla. Simu ilionesha kibla kimekata moja kwa moja kwenye dirisha la baa ya jirani. Safari nzima nimesali nimewaelekea walevi, na siku ya kuondoka wakanipungia mkono. Hili sikushitaki wewe. Nitalizungumza na Mwenyewe.

3. Chakula. Hapa ndipo penye kidonda. Wewe umelelewa, Marwan, unajua mgeni mwenye adabu hakubali mara ya kwanza. Anasema nimeshiba, mwenyeji anaapa, mgeni anakataa tena, mwenyeji anampakulia kwa nguvu, ndio watu wanakula. Basi asubuhi ya kwanza mama mwenye nyumba ya wageni, mtu mwema, mashavu mekundu, kaniletea mayai, mikate ya moto na jibini ya ng'ombe wake mwenyewe. Nikaweka mkono kifuani nikasema ahsante, nimeshiba. Akatabasamu, akaondoa sahani. Kaiondoa kweli. Niliisindikiza kwa macho mpaka jikoni. Mchana zikaja tambi, ambazo wenzetu huzitia jibini mahala pa sukari na iliki, Mungu awasamehe. Nikakataa kwa adabu, zikaondoka. Usiku samaki wa ziwani, mzima, kakaangwa kwa siagi. Nikakataa. Hata samaki alishangaa.

Kilichobaki ni kakao ya moto. Niliposhiba nayo nikakitikisa kikombe, kama anavyofanya mtu yeyote wa nchi hii akitosheka na kahawa. Yule mama akadhani naomba. Akajaza. Nikatikisa. Akajaza. Kwa hiyo nnachokitaka kikiondolewa, na nisichokitaka nikimiminiwa. Nimeishi chini ya serikali zaidi ya moja, lakini hii ilikuwa na ufundi.

4. Kuteleza. Walinifunga mbao mbili ndefu miguuni, nikaanguka nikiwa bado kwenye foleni. Mwalimu wa theluji, kijana, akaninyooshea mkono aninyanyue. Nikamwambia la, usijisumbue. Hakujisumbua. Akaenda zake. Nimelala pale, kofia yangu ya tarizi kichwani, mpaka watoto wa chekechea wakawa wananizunguka kama alama ya barabarani. Na aliyepita katikati ya watoto hao, abaya kaifutika ndani ya suruali ya theluji, alikuwa Bi Masouda, mwanamke ambaye hapa Maskati hashuki ngazi ila kashika ukuta. Alinipita kama upepo na wala hakusimama. Baadae alisema somo la kusimama walikuwa hawajalifikia.

5. Na hili ndilo khasa lililonishikisha kalamu. Kule kote Bi Masouda alikuwa akila. Akipewa, anasema ndiyo mara ya kwanza, na mkono ushafika kwenye sahani. Nikamnong'oneza kuwa anatuaibisha. Akanijibu, mdomo umejaa, kuwa watu wale ukisema hutaki wanakuamini, na yeye maisha yake yote hajaona raha kama ya kuaminiwa. Nilidhani ni maneno ya likizo, yataishia uwanja wa ndege. Karudi nayo mpaka nyumbani. Tokea siku ile akinipa chai nikasema sitaki, anainywa yeye. Miaka yote ya ndoa yetu alinibembeleza mara tatu ndio nikala. Nilikuwa bwana harusi kila siku. Sasa nimekuwa mpangaji.

Juzi kaja na tangazo lako jipya.

"Sleyum, mie nnarudi kule kwenye theluji. Utakwenda?"

"Siendi."

Nikageukia ukutani, nikasubiri.

"Haya," akasema.

Ikawa ndio basi. Akampigia simu mdogo wake Khulood, aliyeko Qurayyat, na Khulood, ambaye hana adabu tokea utotoni, akakubali swali halijesha.

Kwa hivyo, Bwana Meneja, naomba yafuatayo. Nyumba zote za wageni za kule zipewe sharti la kumuuliza mgeni wa Kiomani mara tatu, na mara ya tatu kwa kiapo. Walimu wa theluji wafunzwe kumnyanyua mzee kwa nguvu hata akikataa. Balozi aitwe. Na yakishindikana yote hayo, mpigie simu Bi Masouda umwambie mlima umefungwa kwa matengenezo. Usimwambie umeuzwa, atauliza kanunua nani. Nyumba hii ina vyumba vingi na mwanamke mmoja. Akiondoka na kicheko chake, nibaki nikimkatalia nani?

Nisalimie babako Suud, mwambie goti langu linaliulizia goti lake. Wasalimie na wafanyakazi wako wote pamoja na wa nyumbani kwao, ukimtoa yule aliyeandika kwenye tangazo kuwa safari hii ni nyepesi kwa wazee.

Ni mimi, niliyeondolewa sahani,
Sleyum wa Amerat.

Nyongeza: Wakati natafuta bahasha, Bi Masouda kapita na halwa na kahawa, akaniuliza kama nnataka. Nikasema ndiyo. Mara moja, kama mtu asiyelelewa. Nusura dele la kahawa limponyoke. Akakaa, tukala, na kikombe changu sikukitikisa mpaka jua lilipogeuka. Nikamwambia aniulize tena lile swali la theluji. Akasema yeye siku hizi haulizi mara mbili. Basi, mwanangu, yafute yote ya juu na mlima uache wazi. Piga simu hapa nyumbani jioni, yeye akiwepo, useme pana nafasi ya mtu wa tatu, uniulize mara moja tu. Jibu ni ndiyo. Nimeshaanza kulifanyia mazoezi. Na yule mama wa nyumba ya wageni aambiwe samaki asimpeleke mbali.