Ndege wa Nzisa na Shahidi wa Pili

Woodley, Nairobi
Jumatano, 12 Machi 2025

Kwa Bwana Jackton Ogutu,
Katibu, Kikundi cha Watazama Ndege wa Jumapili

Ndugu Katibu,

Natumaini u mzima, na darubini yako pia. Mimi ni Hezekiah Musili, mume wa marehemu Annah Nzisa, yule mzee aliyekuwa akibeba chupa ya chai kwenye matembezi yenu. Niliibeba miaka sita bila kulalamika. Sasa nalalamika, na kwa kuwa nilikuwa karani wa masjala miaka thelathini, nitalalamika kwa nambari.

1. Kwenye daftari lenu la mwaka jana, Jumapili ya Julai 14, bonde la Muthangari, mmeandika hivi: "Narina, mmoja. Ameonwa na Bi. Nzisa. Haijathibitishwa." Narina ni ndege wa kijani mwenye kifua chekundu, na hapa mjini haonekani ovyo. Angekuwa ndege wa mia mbili kwenye orodha ya mke wangu. Lakini sheria yenu inasema ndege adimu sharti aonwe na watu wawili. Nzisa alifariki Oktoba akiwa na ndege mia moja tisini na tisa. Ndugu Katibu, hiyo ni hesabu ya kumwachia mtu? Hata dukani wakiandika mia moja tisini na tisa, kila mteja anajua ni mia mbili.

Siku ya harusi yetu, shahidi wa pili, binamu yangu Shem, alifika watu wakiwa wanakula. Kasisi hakuandika "haijathibitishwa". Tulikaa miaka thelathini na minane.

2. Mtasema mimi nilikuwepo. Ni kweli, hatua mbili tu kutoka kwake. Aliniita kwa kunong'ona: "Baba Muli, inua kichwa! Ndege hawakai ndani ya kikombe." Nilikuwa namimina. Mtu anayemimina chai ya moto hainui kichwa. Hilo ni jambo la usalama. Nilipoinua, tawi lilikuwa tupu. Uliponiuliza mbele ya wote, "Mzee, na wewe umeona nini?" nilijibu kwa uaminifu, "Nimeona chai." Bi. Ivyne Nanjala alicheka mpaka kofia yake ikaanguka. Nzisa naye alicheka. Lakini tukirudi nyumbani hakusema neno mpaka tulipofika Ngong Road, na hiyo haikuwa kawaida yake. Nauliza: ni haki ukweli wa mume kutumiwa dhidi ya mkewe?

3. Namlalamikia pia ndege mwenyewe. Tangu Januari nimekwenda chini ya mti ule asubuhi ishirini na mbili, na hajatokea. Kitabu cha Nzisa kinasema narina hukaa kimya akikupa mgongo, na mgongo wake una rangi ya majani. Nimefanya kazi ofisi za serikali, tabia hiyo naijua. Lakini hata karani anayekupa mgongo, mwishowe huondoka kwenda kula mchana, ukamwona uso.

Badala yake wanakuja wasioitwa. Anakuja chozi dume, anameta kama suti mpya ya bwana harusi. Anakuja kitwitwi, anatikisa mkia kama aliyesahau alichofuata. Kuna kurumbiza anayeanza kuimba kabla jua halijatoka, na akichoka na wimbo wake anaiba wa jirani. Nimeishi miaka sitini na saba kwa amani nikijua aina tatu za ndege: kuku, kunguru, na wale wengine. Sasa wale wengine wana majina, na nikifika nyumbani hakuna wa kumwambia.

4. Madhara yamefika mbali. Kanisani, mchungaji alituambia tuinamishe vichwa tuwaombee wafiwa. Mimi ndiye mfiwa, na changu kilikuwa juu, kwa sababu shomoro alikuwa ameingiza unyasi kwenye paa. Akina mama wawili sasa wanasema nimeanza kuona maono.

Wiki iliyopita nilisimama Kenyatta Avenue nikimtazama mwewe juu ya jengo. Kabla ya dakika tano kupita, watu saba walikuwa wamesimama nami, wote wanaangalia juu. Mmoja akaniuliza, "Mzee, kuna mtu anataka kuruka?" Nikamwambia hapana, ni mwewe. "Sasa?" Nikasema, "Sasa anajenga." Nilidhani wataondoka. Walibaki, na mwewe alipofika na kijiti, mama mmoja mwenye kikapu alipiga makofi.

Hebu pima hapo, Ndugu Katibu. Mwewe, ambaye hahitaji shahidi hata mmoja, amepata saba na makofi. Narina wa Nzisa alikosa wa pili.

5. Kwa hiyo naomba sheria ya mashahidi wawili ifutwe kabisa, na neno la mke litoshe. Naomba mstari ule urekebishwe kwa wino. Ikishindikana, basi narina aandikiwe barua ya wito, ajieleze mbele ya kamati alikuwa wapi. Kuandika barua za wito ni kazi niliyoizoea. Nitamsaidia katibu aliye na shughuli nyingi.

Nisalimie wanachama wote, hasa Bi. Nanjala na kofia yake.

Wako katika malalamiko,
Hezekiah Musili

Nyongeza: Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nakuletea barua hii, nikapitia chini ya mti, mara ya ishirini na tatu. Yupo. Alikuwa amenipa mgongo. Chupa ya chai nilikuwa nayo, sikuifungua. Tulikaa hivyo kitambo, kisha akageuka, na kifua ni chekundu vilevile Nzisa alivyosema. Nikasema kwa sauti, "Mama Muli, nimemwona!" Akaruka.

Tafadhali msiifute sheria. Ni sheria nzuri. Mimi mwenyewe msiniamini: mzee aliye peke yake chini ya mti, anayeongea na mkewe, anaweza kuona chochote. Nahitaji shahidi wa pili. Njooni Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chai nitaleta mimi, ila hakuna kumimina kabla ya kuinua kichwa. Tukimwona pamoja, mniandike chini ya jina la Nzisa, shahidi aliyechelewa kama Shem.

Na kwenye matembezi yenu yajayo, mkipanga nani atembee na nani, mnikumbuke.